Sura ya 7: Mlango Ukijaa

Siku za mwanzo wa kila mwezi, waratibu wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, katika halmashauri 8 za Mkoa wa Ruvuma huwa na kazi inayofanana. Iwe Manispaa ya Songea, Songea Vijijini, Madaba, Mbinga Mji, Mbinga Vijijini, Nyasa, Namtumbo au Tunduru, taarifa za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa ziingie kwenye mfumo wa DHIS2: watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, waliopimwa na kukutwa na malaria. Taarifa hizo zimetoka kwenye rejista za karatasi, zimejumlishwa kwa kalamu, na sasa zinakwenda kukaa pamoja na za mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Huko nako kuna watu wanaojaza taarifa zao siku hizo hizo, wengi wao asubuhi ile ile.

Mfumo ukikwama, jibu la ofisini huwa moja: "Mtandao unasumbua." Mara nyingine ni kweli. Mkongo umekatwa na tingatinga la barabara, au mnara umezimika. Lakini mara nyingi mno mtandao ni mzima, ujumbe umesafiri salama kutoka Songea na umefika kwenye seva. Uliponasa ni hatua moja mbele ya hapo, pale seva ya kanzidata inapopokea wageni wake. Nimeitengea hatua hiyo sura nzima kwa sababu naona fedha nyingi zikitumika kununua bando kubwa na seva mpya ili kutibu ugonjwa ambao dawa yake ni kuelewa mlango huo unavyofanya kazi.

Kabla hapajawa na mlango

DHIS ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano wa watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Toleo la kwanza liliandikwa juu ya Microsoft Access. Kanzidata ya Access ni faili. Iko kwenye kompyuta ya mtu. Anaifungua, anajaza, anaifunga. Taarifa zikihitajika mkoani, faili inanakiliwa kwenye diski au flashi na kusafirishwa. Wakati huo hapakuwa na kilichosikiliza wala aliyebisha hodi.

DHIS2 iliandikwa upya kwa Java ili itumike kupitia kivinjari, na ilianza kazi katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011 kwa kutumia seva ya kitaifa. Tanzania iliijaribu kwanza mkoani Pwani, kisha ikaifikisha mikoani hadi kuwa mfumo wa taifa. Flashi zikatoka barabarani. Badala yake likaja swali ambalo Access haikuwahi kulijibu: kanzidata moja itawapokeaje maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila kuwachanganya na bila kuzidiwa?

Nyuma ya DHIS2 iko PostgreSQL, kanzidata huria iliyoanza kama mradi wa POSTGRES katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina lake la sasa mwaka 1996. Ndiyo nitakayoifuata katika sura hii. MySQL nitaigusa pale inapotofautiana nayo kwa jambo la maana.

Safari ya hodi moja

Seva ya PostgreSQL ikiwashwa, unaamka mchakato mmoja mkuu ambao mafundi huuita postamasta. Kitu cha kwanza anachofanya postamasta ni kuuambia mfumo endeshi kwamba kila ujumbe unaokuja kwenye poti 5432 uletwe kwake. Poti ni namba tu, ya kutofautisha huduma moja na nyingine ndani ya kompyuta ile ile: MySQL inakaa 3306, Oracle 1521, SQL Server 1433. Baada ya kujiandikisha hivyo, postamasta analala. Hatumii prosesa, hazunguki akiuliza kama kuna mgeni. Mfumo endeshi ndio utakaomwamsha.

Sasa programu fulani inataka kuingia. Programu hiyo ndiyo "mteja" katika sura hii. Mtu aliyekaa mbele ya kioo Namtumbo yuko nyuma zaidi, na nitamfikia. Mteja anatuma pakiti ndogo ya kubisha hodi. Seva inajibu kuwa imesikia na iko tayari. Mteja anathibitisha kwamba jibu limemfikia. Hizo ni pakiti 3, utaratibu wa TCP ambao maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1981, na hadi hapo kanzidata yenyewe haijui lolote. Yote yamefanywa na mfumo endeshi. Waliobisha bila kuthibitisha wanashikiliwa kwenye foleni ya kwanza. Waliothibitisha wanahamia foleni ya pili kumsubiri postamasta.

Foleni ya pili ina kikomo. Kwenye Linux, kikomo cha kawaida kilikuwa 128 kwa miaka mingi, mpaka toleo la 5.4 la mwaka 2019 lilipokipandisha hadi 4096. Ikijaa, Linux kwa kawaida haimkatalii anayekuja. Inaipuuza pakiti yake, kimya. Mteja anangoja sekunde moja, anabisha tena, anangoja 2, anabisha, anangoja 4. Kwa mtumiaji hakuna ujumbe wa kosa wala maelezo, ila alama inayozunguka kwenye kioo. Hapo ndipo lawama inapotupiwa mtandao, na ni rahisi kuelewa kwa nini: kwa nje, seva iliyojaa na mtandao uliokatika vinafanana kabisa.

Foleni hii huonja adha yake kubwa umeme unaporudi. Songea iliungwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa jenereta za dizeli. Hali ni bora sana sasa, lakini umeme bado hukatika, na ukirudi kompyuta zote za ofisi huwaka pamoja, programu zote zikakimbilia poti ile ile katika dakika moja. Programu iliyoandikwa vizuri ikikosa nafasi husubiri muda unaoongezeka kila inaposhindwa, tena muda wenye bahati nasibu ndani yake, ili zisirudi zote kwa mpigo mmoja. Iliyoandikwa vibaya hujaribu tena papo hapo, mara mamia, na kuizuia seva isinyanyuke.

Turudi kwa aliyefika mbele ya foleni. Postamasta anamchukua, lakini hamhudumii yeye mwenyewe. Anazaa mchakato mpya, anaukabidhi muunganisho, kisha anarudi mlangoni. Kuanzia hapo mteja ana mhudumu wake binafsi hadi aondoke. Mhudumu anaanza na ukaguzi. Anafuata faili iitwayo pg_hba.conf, mstari baada ya mstari: anwani hii, ikiomba kanzidata hii, kwa jina hili la mtumiaji, ithibitishwe kwa njia gani? Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, hata kama wa chini yake ungemfaa zaidi mgeni. Kisha inakuja nywila. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, PostgreSQL inaweza kutumia utaratibu wa SCRAM, ambamo pande zote mbili huthibitisha kuwa zinaijua siri bila nywila yenyewe kusafiri kwenye waya. Mgeni asiyekamilisha ukaguzi ndani ya sekunde 60 anatolewa.

Hesabu safari. Kubisha hodi ni kwenda na kurudi mara 1. Kukubaliana kutumia usimbaji ni mara 1 nyingine, na usimbaji wenyewe, kwa TLS 1.3, ni mara 1. Kujitambulisha na kumaliza SCRAM ni mara 3. Jumla mara 6 kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa kilomita 1,000, karibu sawa na barabara ya Songea hadi Dar es Salaam, unakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, achilia mbali vifaa vya njiani. Kwa laini ya simu tuseme milisekunde 50: mara 6 ni 300. Kama seva imekodishwa Ulaya na safari ni milisekunde 160, imekwenda karibu sekunde nzima bila hata jibu moja. Programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila swali inalipa gharama hiyo kila swali. Nimeona programu za namna hiyo zikisifiwa ofisini pale seva ilipokuwa chumba cha pili, kisha zikalaaniwa seva ilipohamishwa, ilhali hakuna herufi iliyobadilishwa ndani yake.

Bei ya mhudumu mmoja

Mtindo wa PostgreSQL wa kumpa kila mteja mchakato wake ni wa zamani na una heshima yake. Kila mhudumu ana kumbukumbu yake binafsi, na kosa la mmoja si rahisi kugusa hesabu za mwingine. MySQL imechagua njia nyingine: mchakato mmoja, na ndani yake kila mteja ana uzi wake. Uzi ni mwepesi kuuanzisha kuliko mchakato, na MySQL huweka akiba ya nyuzi zilizomaliza kazi ili zitumike tena. Mabishano ya ipi bora hayajaisha, na kwa ofisi ya halmashauri hayana uzito mkubwa. Lenye uzito ni kwamba, kwa njia yoyote, muunganisho si bure.

Mhudumu wa PostgreSQL anachukua megabaiti kadhaa hata akiwa hana kazi. Akipewa kazi ya kupanga au kujumlisha, anaruhusiwa kuchukua kiasi kinachowekwa na kigezo cha work_mem, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 4 kwa kila hatua ya upangaji. Wahudumu 100 wakipanga kwa pamoja ni megabaiti 400, zinavumilika. Fundi aliyesoma mahali kwamba work_mem ikiwa 64 ripoti zinakwenda mbio, akaiweka hivyo kwa wote, amejiwekea uwezekano wa gigabaiti zaidi ya 6 kutafunwa kwa dakika moja kwenye seva yenye 8. Kumbukumbu ikiisha, Linux huchagua mchakato wa kuua. Akiuawa mhudumu mmoja ghafla, postamasta huwafunga wahudumu wote na kuanza upya, kwa sababu hawezi kuamini tena kumbukumbu wanayoitumia kwa pamoja. Mtu mmoja aliyeomba ripoti ya mwaka mzima anaweza kuwatoa watu wote namna hiyo.

Kwa sababu hizo kuna kikomo. PostgreSQL huja na max_connections ya 100, na ndani yake nafasi 3 zimewekwa kando kwa ajili ya msimamizi mkuu. MySQL huja na 151, na moja ya ziada kwa msimamizi. Ukizidi, PostgreSQL inakukatalia kwa ujumbe unaoanza kwa kuomba radhi: samahani, wateja tayari ni wengi mno. Ni ujumbe wa kweli na wa heshima, na karibu kila anayekutana nao mara ya kwanza hufanya jambo moja: anafungua faili ya mipangilio, anafuta 100, anaandika 500, anawasha upya seva. Inaonekana imepona. Wiki inayofuata inalala kabisa.

Kwa nini? Prosesa yenye viini 8 inaweza kufanya mambo 8 kwa wakati mmoja, si zaidi. Waliobaki wanapokezana. Msimu wa kuuza mahindi, malori na matela ya trekta hujipanga nje ya kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Ruhuwiko. Mizani ikiwa 2, kuruhusu malori 40 yaingie uani kwa pamoja hakuharakishi upimaji hata kidogo. Kunaziba njia ya lililokwisha kupimwa na linataka kutoka. Foleni inakaa vizuri zaidi nje ya geti. Jamii ya PostgreSQL ina kanuni ya kuanzia: zidisha viini kwa 2, ongeza idadi ya diski. Seva ya viini 8 na diski 1 inapata 17. Watu hawaiamini namba hiyo mpaka waijaribu.

Hesabu yake lakini ni nyepesi, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha kazi yake juu ya msongamano wa simu, akitafuta kujua kampuni ya simu ya Copenhagen inahitaji laini ngapi ili wateja wasikwame. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo sasa ina jina lake: wastani wa walio ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Chukua mfumo unaopokea maswali 200 kwa sekunde, kila swali likichukua milisekunde 20. Zidisha 200 kwa 0.02: unapata 4. Wahudumu 4 kwa wastani wanatosha kwa maswali 200 kila sekunde. Kikomo cha 100 hapo ni kikubwa ajabu.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Jedwali limekua, faharasa yake haikuwekwa, na swali lile lile linachukua sekunde 2. Zidisha 200 kwa 2. Unapata 400, na mlango umejaa. Watumiaji hawakuongezeka hata mmoja, na mtandao haukuguswa. Hii ndiyo hoja ninayotaka msomaji aondoke nayo kuliko nyingine yoyote katika sura hii: mara nyingi mlango hujaa kwa sababu walio ndani wanachelewa kutoka. Anayepandisha kikomo kutoka 100 hadi 500 anawaingiza 400 wang'ang'anie viini 8, kila mmoja akimchelewesha mwenzake, na sekunde 2 zinageuka 10. Anayeweka faharasa iliyokosekana anaurudisha mfumo kwenye 4.

Akiba ya miunganisho

Mtu wa Namtumbo, basi, yuko wapi katika hesabu hii? Kivinjari chake hakigusi kanzidata. Kinaongea na programu ya DHIS2 inayokaa kwenye seva ya wavuti, nayo ndiyo mteja wa PostgreSQL. Programu hiyo inafungua miunganisho mapema na kuiweka akiba. Ombi likija, linaazima muunganisho mmoja, linauliza, linaurudisha. Muunganisho ule ule unahudumia mamia ya watu kwa zamu bila kurudia safari zile 6. Katika DHIS2 kiwango cha juu cha akiba, usipokibadilisha, ni 80. Maktaba ya HikariCP, inayotumiwa sana na waandishi wa Java, huanza na 10 tu, na kwa kanuni ya Little umeona kwamba 10 si chache.

Akiba ina tabia moja njema isiyosifiwa vya kutosha: inasubirisha. Miunganisho yote ikiwa imeazimwa, ombi jipya linakaa nje milisekunde chache hadi mmoja urudishwe. Kanzidata inaendelea na kazi yake bila kujua kuwa nje kuna msongamano.

Tatizo linakuja programu zikiwa nyingi, kila moja na akiba yake, hakuna inayojua habari za mwenzake. Katika ofisi moja mjini Songea, ambayo sitaitaja, niliona seva moja ikibeba mifumo 3: ya malipo, ya masijala na ya rasilimali watu. Kila mmoja ulijiwekea akiba kana kwamba uko peke yake. Asubuhi wa kwanza kuwaka ulichukua karibu nafasi zote, wa mwisho ukaambiwa samahani. Wahusika walikuwa wamekwisha kuandika barua ya kuomba seva mpya. Tulichofanya ni kuuliza swali hili:

SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;

Mwonekano wa pg_stat_activity ni rejista ya walio ndani: nani, kutoka anwani gani, ameingia saa ngapi, anafanya nini sasa hivi. Karibu wote walisomeka "idle", yaani wamekaa hawana kazi. Wenye kazi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akiba zilipunguzwa siku hiyo hiyo, na barua ya kuomba seva ikarudishwa kwenye jalada.

Pale ambapo programu haziwezi kurekebishwa, kuna PgBouncer, programu ndogo iliyotengenezwa ndani ya kampuni ya Skype na kutolewa mwaka 2007. Inakaa kwenye poti 6432 mbele ya PostgreSQL, inapokea wateja mamia au maelfu na kuwapitisha kwenye miunganisho michache ya kweli, kwa kawaida 20. Ikiwekwa katika hali ya muamala, mteja anapewa muunganisho kwa muda wa muamala mmoja tu, kisha anapewa mwingine. Masharti yapo: mteja asitegemee mipangilio aliyoiacha kwenye muunganisho, kwa kuwa ombi lake lijalo huenda likapita kwingine. Kwa gharama ya kuisimika, sijui kifaa kinachorudisha faida kubwa zaidi kwa ofisi yenye seva ndogo.

Katika rejista ile kuna hali moja mbaya kuliko "idle": ni "idle in transaction", aliyefungua muamala akanyamaza katikati. Huyu hashiki nafasi tu. Anashika na kufuli za mistari aliyoigusa, na wengine wanajipanga nyuma yake. Sababu ninayoiona mara nyingi kwetu inahusu malipo ya Serikali. Programu inafungua muamala, inaandika ankara, kisha kabla ya kufunga inaomba kumbukumbu namba kutoka mfumo wa GePG na kusubiri jibu. Jibu likichelewa sekunde 20, muunganisho na kufuli vinashikiliwa sekunde 20 bila kazi yoyote kufanyika ndani ya kanzidata. Utaratibu sahihi ni kuandika ankara, kufunga muamala, kurudisha muunganisho, ndipo uombe namba. Jibu likija, azima upya na uandike. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, PostgreSQL ina kigezo cha kumtoa anayenyamaza ndani ya muamala kupita muda uliowekwa. Huja kikiwa kimezimwa. Kiwashe.

Wageni waliokufa

Kuna muunganisho ambao upande mmoja umekufa na mwingine haujui. Fundi kwenye gari kati ya Mbinga na Mbamba Bay ameungana na seva kwa kompyuta mpakato na data ya simu. Gari linazunguka mlima, mtandao unapotea, anafunga kompyuta na kulala. Hakuna pakiti ya kwaheri iliyotumwa. Kwa seva, mteja bado yuko. Amekaa kimya tu. TCP haina njia ya kutofautisha ukimya na kifo mpaka ijaribu kutuma kitu.

Linux ina dawa: kila baada ya muda inatuma pakiti tupu kuuliza kama upande wa pili upo. Lakini muda wa kawaida kabla ya swali la kwanza ni sekunde 7,200, saa 2 kamili, kisha maswali 9 yenye nafasi ya sekunde 75 kila moja, dakika 11 nyingine. Saa 2 na dakika 11 za kumhifadhia nafasi mtu asiyekuwepo. MySQL ina wait_timeout ya sekunde 28,800, yaani saa 8: kuanzia ofisi ya Serikali inapofunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi inapofungwa saa 9:30 alasiri, muunganisho mmoja uliosahauliwa unaweza kukaa kutwa nzima. Kwa mitandao yetu, muda wa dakika chache unafaa zaidi, na PostgreSQL inakuruhusu kuuweka kwa kigezo cha tcp_keepalives_idle bila kugusa Linux yenyewe.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadhoofika vibaya. Mkato wa namna hiyo ndio unaozalisha wageni wafu kwa wingi: miunganisho inakatika katikati ya sentensi, seva iliyoko ng'ambo inaendelea kuwashikia nafasi, na mawasiliano yakirejea, watu wale wale wanabisha hodi upya na kukuta viti vyao vimekaliwa na mizimu yao wenyewe.

Nani abishe

Bado kuna swali la nani aruhusiwe kufika mlangoni. PostgreSQL ikisimikwa bila kubadilishwa, inasikiliza kompyuta ile ile ilimosimikwa tu. Mtu wa nje hata kubisha hawezi. Fundi mwenye haraka hubadilisha listen_addresses kuwa nyota, ikasikiliza anwani zote, na kwenye pg_hba.conf akaruhusu dunia nzima ili "mfumo ufanye kazi kwanza". Mwezi Januari 2017, maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fedha. Hawakuhitaji ujanja wowote, zaidi ya kupitia anwani moja baada ya nyingine wakibisha kwenye poti inayojulikana. Kanzidata ya hospitali ina majina ya watu na magonjwa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika azilinde. Kanzidata isikilize anwani ya ndani pekee, iruhusu seva ya wavuti kwa anwani yake, na fundi aliye mbali aingie kwa njia iliyosimbwa.

Na wewe afisa TEHAMA unayesoma haya ukiwa na seva chini ya uangalizi wako, nina ombi moja. Nenda uangalie programu zako zinaingia kwenye kanzidata kwa jina gani. Zikiingia kwa jina la msimamizi mkuu, zifungulie akaunti za kawaida leo, kila programu na yake. Zile nafasi 3 zilizowekwa kando ni zako. Programu iliyovaa jina lako itazikalia pamoja na nyingine zote, na siku mlango utakapojaa, hata wewe hutaingia kuona nani amekaa ndani. Itabaki kuzima seva nzima na kuwatoa watu katikati ya kazi. Zikiwa huru, utaingia, utasoma rejista, utamtoa anayestahili kutoka, na wengine hawatajua kuwa kulikuwa na tatizo.